Picha Bila Chenga

Walimwita Bilachenga, na jina hilo alijitafutia kwa mdomo wake mwenyewe. Kila mtu aliyemuuliza kazi zinakwendaje alipata jibu lile lile: "Picha kali, bila chenga!" Alilisema sokoni, akalisema msibani, akalisema mpaka watu wakaona heri wamvike liwe jina kabisa, wapumzike kulisikia.

Kazi yake ilikuwa kurusha shughuli za watu mbashara. Harusi, mazishi, mahafali. Yeye alisimamisha kamera, akafungua kompyuta, na ndugu walio mbali wakaona kwenye simu zao kinachotokea papo hapo. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kuharibu na kurekebisha, na mtu aliyejifunza hivyo huwa na kiburi cha pekee, kwa kuwa kila anachokijua amekipigania. Wenzake waliridhika picha ikipita. Yeye alitaka ipite bila chenga, bila kukatika vipande, inang'aa kama sahani ya mgeni.

Jumamosi hiyo hakuwa akirusha harusi ya wateja. Aliyeolewa alikuwa mdogo wake, tumbo moja naye, na katika watazamaji wote mia mbili na ushei waliojiunga, aliyehitajika alikuwa mmoja: mama yao.

Mama alikuwa amelazwa hospitali ya mkoa mwingine, safari ya saa sita kwa gari. Moyo. Operesheni ilikuwa imeahirishwa mara mbili, harusi ikapangwa bila hofu, kisha Alhamisi ikapigwa simu: nafasi imepatikana, Jumamosi saa tano asubuhi, na ikipita hii hakuna ajuaye nyingine ni lini. Daktari hakupaka maneno asali. Alisema kwa moyo uliochoka namna ile, kuingia chumba cha upasuaji ni jambo moja na kutoka ni jambo jingine.

Watu wakasema harusi isogezwe. Mama akakataa katakata.

"Msinizike nikiwa nawasikia," alisema kwenye simu. "Mtoto aolewe saa nne kama ilivyopangwa. Mimi nataka nimwone na nimsikie akikubali, basi. Nikishamsikia, wanipasue wanavyotaka. Si nina mwana wa makamera?"

Mwana wa makamera akatoa kifua mbele. "Mama, utaona kama umekaa kiti cha kwanza. Hata kope zake utazihesabu."

Neno likitoka mdomoni halirudi. Na neno hilo ndilo lililokuwa likimdai sasa, saa nne na dakika kumi na mbili, nyuma ya meza ndogo iliyosukumwa kwenye kona ya ukumbi. Mbele yake palikuwa na kompyuta. Kando ya kompyuta kamera ilisimama juu ya miguu yake mitatu, na dirishani alikuwa amebandika kwa gundi ya karatasi kijisanduku cha intaneti chenye laini ya simu. Chini ya skrini ya kompyuta kulikuwa na kijiduara. Kikiwa cha kijani, mambo yanapita. Kikiwa cha njano, jihadhari.

Kilikuwa chekundu.

Kwenye sikio la kushoto alikuwa ameweka kifaa cha kusikilizia, na humo ndani alikaa mama mdogo, aliye kando ya kitanda hospitalini na simu mbili: moja ya kuzungumzia, moja ya kuangalia.

"Haloo! Wewe mtoto, unanisikia?"

"Nakusikia, mama mdogo. Imeganda?"

"Imeganda wapi, imekufa! Na kabla ya kufa ilikuwa vipande vipande. Mdomo wa mdogo wako uko huku, pua iko kule. Mama yako ananiuliza hii ni harusi au ajali."

"Mwambie nairekebisha."

"Nimwambie mara ngapi? Hii ya tatu."

Pembeni mwa skrini maoni ya watazamaji yalikuwa yakipanda kama mchwa. Ndugu wa huku na huko walilalamika picha inakwama. Mtazamaji mmoja, mpiga picha mwenzake aliyeitwa Stendi, ambaye walikuwa wakipimana vifua tangu zamani, aliandika: *Kaka, leo umeamua kutupikia chenga zenyewe?* Chini yake watu kumi na wawili wakacheka.

Damu ilimpanda Bilachenga mpaka masikioni. Laiti ingekuwa siku nyingine, angemjibu jibu la kwenda nalo kaburini. Lakini macho yake yalirudi kwenye kijiduara, na akilini akaanza kurudi nyuma kutafuta alipojikwaa.

Alikuwa amejaribu mitambo jana yake, jioni. Alichagua ukubwa wa picha wa juu kabisa, fremu sitini kwa kila sekunde, na akaipa programu ruhusa ya kupeleka hadi kilobiti elfu sita za data kwa sekunde, itumie inavyohitaji. Ilitumia elfu moja tu, ikapita kama kisu kwenye siagi. Mama mdogo akaandika kutoka hospitalini, *Safi sana, naona hadi misumari ukutani.* Akaenda kulala na usingizi wa mtu aliyeshinda.

Hakujiuliza kwa nini ilitumia elfu moja. Video haisafiri picha nzima juu ya picha nzima, kama wengi wanavyodhani. Hutangulia picha moja kamili, halafu yanafuata mabadiliko tu: mkono ulioinuka, kichwa kilichogeuka. Kisichotikisika hakitumwi tena. Na jana ukumbi ulikuwa mtupu. Viti vimejipanga kimya mbele ya ukuta mweupe. Viti havichezi. Tena viti havina simu.

Leo ukumbi ulikuwa na watu mia tatu, na kila mmoja ameshika simu anarusha picha zake, wote wakigombea mnara mmoja na kijisanduku chake cha dirishani. Na ukuta mweupe haukuwepo. Alfajiri, yeye akiwa bado anachaji betri nyumbani, shangazi alikuja na ngazi akautundikia pazia. Pazia lenyewe lilikuwa la zambarau, kutoka dari hadi sakafu, limeshonewa vimetameta visivyo na idadi, na katikati yake zimepitishwa taa ndogo ndogo za kuwaka na kuzima. Feni lilikuwa likilipuliza. Kila kimetameta kilimeta na kuzima kwa wakati wake. Kwa jicho la mtu ilikuwa pambo. Kwa programu ilikuwa vita: maelfu ya mabadiliko kwa kila kupepesa, na yote yanadai kutumwa, na mlango wa kutokea ni mwembamba kama tundu la sindano.

Alijua dawa. Punguza ukubwa wa picha, punguza fremu, bana kilobiti. Lakini mipangilio hiyo haibadilishwi chombo kikiwa kinakimbia. Ni lazima ukate matangazo, ubadili, uwashe upya, na kila mtazamaji aingie tena. Akakata. Akashika kipimo cha kilobiti, na hapo kiburi kikamshika mkono. Alishusha kutoka elfu sita hadi elfu tatu. Ukubwa wa picha akaushusha ngazi moja tu. Fremu hakuzigusa. Alipunguza kama bahili anavyotoa sadaka, huku akichungulia kilichobaki mfukoni.

Akawasha. Kijani. Akavuta pumzi.

Dakika mbili baadaye bi harusi aliingia, ukumbi mzima ukasimama kuimba na kurusha mikono, taa za pazia zikakoleza kasi, na kijiduara kikaruka njano bila hata kuisalimu, kikatua kwenye nyekundu.

"Haloo," alisema mama mdogo, na safari hii sauti haikuwa na mzaha. "Wamekuja kumvalisha gauni la upasuaji. Nesi anasema kitanda kinaondoka saa tano kasoro kumi."

Saa ya ukutani ilikuwa saa nne na dakika ishirini na sita.

"Ameona mdogo wangu akiingia?"

"Ameona gauni. Nadhani ni gauni. Kilikuwa kitu cheupe."

Msajili wa ndoa alishakaa mezani mbele, mtu mkavu mwenye miwani na jalada jeusi, akinyoosha karatasi zake. Bilachenga alikimbia kupita kando ya viti, akainama sikioni mwake.

"Mzee, naomba dakika tano tu kabla hujaanza. Mitambo imenisumbua."

Msajili alimtazama juu ya miwani. "Kijana, mimi kazi yangu kuozesha watu. Kurusha watu ni yako."

"Mama yetu anaingia upasuaji. Anasubiri kumsikia binti yake."

Miwani ikavuliwa, ikafutwa, ikarudishwa. "Dakika tano," alisema msajili. "Nitajifanya nasoma majina. Lakini nikishaanza, sheria haina mkato. Kila kipengele kinasomwa."

Dada mtu alikuwa amekaa hatua tatu kutoka hapo, shela imemwangukia mabegani, mume mtarajiwa ubavuni. Alimwona kaka yake anavyotiririka jasho, akajua.

"Kaka, ameniona?"

"Bado."

"Bado nini? Nimeingia, nimezunguka ukumbi wote kama mshale wa saa, nimesimama pale kwenye alama uliyonionyesha, halafu bado?"

"Tatizo ni pazia."

Angesema "tatizo ni mimi" angekuwa mkweli zaidi, lakini ulimi ulikuwa haujafika huko. Na kabla hajamaliza, sauti ikatoka nyuma yake kama kengele ya shule.

"Pazia limefanya nini?"

Shangazi, dada wa marehemu baba yao, alikuwa mwanamke mpana wa mwili na wa maneno. Alisimama mikono kiunoni, vimetameta vingine vimeshonwa kwenye mabega yake.

"Shangazi, linameta sana. Mtandao haulibebi."

"Haulibebi! Ni mzigo wa kuni? Nimelishona siku tisa, macho yamevimba. Leo mwana wa kaka yangu aje aniambie pazia langu linaumiza mtandao? Mtandao una macho?"

"Shangazi, kila kinachotikisika..."

"Wewe ndiye ulisema picha zako kali. Pazia likitulia picha ni kali, likimeta picha inaugua? Picha gani hiyo yenye mafua?"

Watu wa safu ya mbele wakacheka. Bilachenga alihisi maneno yamemjaa kinywani, ya moto, ya kutosha kumjibu shangazi na Stendi na ukumbi wote kwa pamoja. Alimtazama mdogo wake. Hakuwa akicheka. Alikuwa akiangalia saa.

"Shangazi ana haki," alisema Bilachenga, na kila neno lilimkwaruza likitoka. "Pazia halina kosa. Nilipima ukumbi mtupu. Nilitaka sifa, nikaweka mipangilio ya sifa. Kosa ni langu. Lakini mama amebaki na dakika ishirini, na hamwoni."

Mikono ya shangazi ilishuka kutoka kiunoni, mmoja mmoja.

Bi harusi hakungoja majadiliano. Alisimama, akakusanya gauni kwa mkono mmoja, akapanda juu ya kiti chake cha harusi, akashika pindo la pazia na kulivuta. Upande mmoja ukachomoka. Mume mtarajiwa, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema maneno kumi, akakimbilia upande wa pili. Shangazi akapiga kelele:

"Taratibu! Mtalirarua! Hebu tokeni, nyie mmejua lini kushika kitambaa!" Na akapanda ngazi mwenyewe kulishusha, akinung'unika, akilikunja kifuani kama mtoto aliyelala.

Ukuta mweupe ukarudi.

Bilachenga alimnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti. "Ndugu zangu, naomba mnisikilize. Zimeni data kwenye simu zenu. Zote. Na kuanzia sasa, kila mtu akae na atulie. Msicheze, msipepee, msisimame."

"Hii harusi au mtihani?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

"Mama wa bi harusi yuko kwenye kitanda cha upasuaji, baba," alijibu Bilachenga. "Anachungulia kupitia tundu dogo. Tusilizibe."

Hakuna aliyecheka tena. Simu zilianza kuinamishwa, safu kwa safu, na nyuso zilizokuwa zikimulikwa na mwanga wa bluu zikabaki na rangi zao.

Alirudi mbio kwenye meza. Akakata matangazo. Sasa mkono haukusita. Picha akaishusha hadi ukubwa ambao mwaka jana alimcheka Stendi kwa kuutumia. Fremu, kutoka sitini hadi kumi na tano. Kilobiti, mia tatu hamsini, na hizo ziwe dari, zisipande kupita hapo. Sauti akaitengea njia yake mwenyewe, isiguswe. Kisha kile kipengele alichokuwa amekiweka vibaya kuliko vyote: picha kamili, ile inayotangulia mabadiliko, alikuwa ameipanga itumwe mara moja kila sekunde kumi, ili nafasi ibaki kwa ajili ya urembo. Ndiyo sababu simu ya hospitali ikipotea kidogo tu ilikaa gizani ikisubiri. Akaandika mbili.

Saa nne na dakika thelathini na saba. Akawasha.

Kijani.

"Haloo... haloo, tunaona!" Mama mdogo alipaza sauti mpaka kifaa kikakoroma. "Ni kama tunaangalia kupitia kioo cha bafu, lakini tunaona. Ukumbi mzima umekaa. Mbona mmekaa kama mnapigwa picha ya pasipoti?"

Kwa mbali, nyuma yake, akaisikia sauti ya mama. Ilikuwa nyembamba, yenye pumzi katikati ya maneno. "Yule mweupe ndiye? ... Mbona kama mkate?"

Maoni yakaanza tena kupanda. *Hii picha ya mwaka gani?* aliandika Stendi. Bilachenga aliyafunika maoni kwa kipande cha karatasi, akampungia msajili.

Msajili akaanza. Na kweli, sheria haikuwa na mkato. Alisoma majina matatu matatu ya kila mmoja. Alisoma umri, kazi, makazi. Aliuliza kama yupo mwenye pingamizi, akangoja kwa uaminifu, akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia. Watu mia tatu walikaa bila kutikisika, na mtu akikohoa jirani yake alimkata jicho.

Bilachenga alikuwa akipiga hesabu nyingine. Matangazo ya namna hii huwa nyuma ya tukio. Kinachosemwa ukumbini kilifika hospitalini baada ya sekunde ishirini, na ishirini hizo hakuwa na ufundi wa kuzifuta. Kwa hiyo "nakubali" isingetosha kutamkwa kabla kitanda hakijaondoka. Ilitakiwa itamkwe, halafu isafiri.

Saa nne na dakika arobaini na moja, sikioni mwake ikaingia sauti ya mlango, na ya wanaume.

"Mama mdogo? Nini hicho?"

"Wamekuja." Alikuwa ameshusha sauti. "Wamewahi. Wanasema daktari yuko tayari."

"Bado dakika tisa!"

"Waambie wewe! Mimi nimewaambia. Wanafungua breki za kitanda."

"Usiikate simu. Tembea nao. Mshikie mama ile nyingine aione."

Akasikia magurudumu. Akasikia mama mdogo anahema akikimbia kando. Mbele, msajili alikuwa amefika kwenye haki na wajibu wa wanandoa, kipengele cha pili kati ya vitano.

"Tumetoka wodini," alisema mama mdogo. "Tuko kwenye korido ndefu, haina madirisha... Eh! Imegota. Picha imegota. Sauti inakatika, msajili anasema nusu nusu. Mwanangu, inapotea."

Kijiduara kwenye kompyuta kilikuwa kijani. Huku kwake kila kitu kilikuwa kinapita vizuri. Ni kule, ndani ya kuta nene za hospitali, ambako njia ilikuwa imebaki uzi. Kilobiti mia tatu hamsini zilikuwa nyingi mno kwa korido ile. Kukata na kuwasha upya hakukuwezekana tena. Mama mdogo asingeweza kufungua ukurasa upya huku anakimbia na huku amemshikia mgonjwa simu.

Picha au sauti? Mama alisema, nimwone na nimsikie. Vyote viwili havikuenea kwenye uzi ule.

Alitazama ukuta mweupe, akawatazama watu waliotulia tuli. Kisichotikisika hakitumwi tena. Basi na bi harusi asitikisike kabisa, hata kope.

Kwenye programu kulikuwa na kitufe cha kugandisha picha ya kamera huku sauti ikiendelea. Hakuwa amekitumia hata siku moja. Kwake picha iliyoganda ilikuwa aibu. Alivuta kamera karibu mpaka uso wa mdogo wake ukajaa skrini. Alitaka kungoja atabasamu. Lakini mdogo wake wakati huo huo aligeuka kumtafuta yeye, nyusi zimekunjwa, midomo imebanwa, uso wa mtu anayeuliza swali kwa hasira. Hapakuwa na muda wa kuchagua. Alibonyeza.

Picha ikasimama. Kamera ikawa haina tena cha kusimulia, na njia ikabaki wazi kwa sauti peke yake. Programu nayo, kwa kukosa kazi nyingine, ikaanza kuusugua uso ule ule mmoja, ikiuongezea kila sekunde kidogo kidogo kilichokosekana.

Mbele, msajili alikuwa amemaliza kipengele cha tano, na bwana harusi ameshakubali. Akafunga ukurasa. "Sasa nakuuliza wewe, bi harusi..."

"Mama mdogo, mko wapi?"

"Mlangoni. Mlango wa upasuaji huu hapa. Nesi ananinyang'anya simu!"

"Mwambie sekunde ishirini. Anasema sasa hivi. Sekunde ishirini tu!"

"... kwa hiari yako, bila kushurutishwa na mtu yeyote..."

"Nesi, mwanangu, sekunde ishirini," mama mdogo alikuwa akisihi. "Ishirini tu, hata ukizihesabu wewe mwenyewe."

"Mama, daktari ameshanawa mikono."

"... unakubali kuolewa na huyu uliyekaa naye hapa?"

Dada mtu hakumtazama mume. Alitazama kamera moja kwa moja.

"Ndiyo. Nakubali."

Ukumbi ulitaka kulipuka kwa shangwe, na haukulipuka. Walikuwa wameambiwa watulie. Bilachenga alianza kuhesabu kwa kucha zilizozama kwenye kiganja. Moja. Mbili. Tatu.

Kwenye sita akasikia nesi akisema, "Sukuma, twende." Kwenye nane magurudumu hayakuwa yamelia. Mwanamume aliyesukuma kitanda alikuwa ameinama, akasema samahani, anafunga kamba ya kiatu. Mama mdogo alikuja kuwasimulia baadaye kwamba alichokivaa miguuni kilikuwa ndala.

Kumi. Kumi na moja.

"Eh," alisema mama mdogo. "Imerudi. Imekuwa safi! Dada, tazama, huyo hapo."

Pumzi moja. Kisha sauti nyembamba ya mama, karibu kabisa na simu: "Mbona amenuna? ... Amenuna kama marehemu baba yake." Na ndani ya kunong'ona kule kulikuwa na kicheko, kidogo, cha mtu asiye na nguvu za kucheka.

Kumi na saba. Kumi na nane.

Ndipo akamsikia msajili kwa mara ya pili, akiwa ndani ya korido isiyo na madirisha, akiuliza swali ambalo ukumbini lilishajibiwa. Halafu sauti ya mdogo wake, ndogo, kavu, haijakatika hata silabi.

*Ndiyo. Nakubali.*

Bilachenga alikuwa amesimama bila kujua alisimama lini. Alisubiri.

"Haya," alisema mama. "Sukumeni."

Magurudumu yakaguna, mlango ukapiga mara mbili kwenye bawaba zake, na mama mdogo akaanza kulia.

Bilachenga alivua kifaa sikioni. Ukumbi mzima ulikuwa ukimtazama yeye badala ya maharusi, watu mia tatu walioshikilia pumzi, shangazi akiwa na pazia lake kifuani. Mdogo wake alishuka jukwaani, akaja mpaka mezani, gauni likifagia sakafu.

"Niambie ukweli. Ameniona?"

"Amekuona umenuna."

"Nini?"

"Ndivyo alivyosema. Umenuna kama baba. Akacheka. Halafu amekusikia, neno lote. Akasema, haya, sukumeni."

Alifunika mdomo kwa viganja vyote viwili. Mabega yalimtikisika, na hata yeye mwenyewe hakujua ni kwa kilio au kwa kicheko. Mumewe alikuja nyuma yake, akamwekea mkono mgongoni. Kutoka safu za nyuma mtu akauliza kwa sauti ya chini, "Jamani, turuhusiwe sasa?" na mwingine akamnyamazisha.

"Wanamaliza saa ngapi?" aliuliza bi harusi.

"Saa tisa. Labda saa kumi."

Hakurudi jukwaani. Alivuta kiti cha plastiki, akaketi kando ya meza ya kaka yake, akaichukua simu ya kaka yake, ile iliyokuwa ikizungumza na mama mdogo, na kuiweka mapajani juu ya gauni jeupe, skrini ikitazama juu. Shangazi akamletea maji. Msajili alikuja na jalada lake kuomba saini, akapewa papo hapo, juu ya kompyuta.

Bilachenga alikuwa amesahau kuiachia kamera. Kwenye skrini, kando ya karatasi iliyofunika maoni, uso wa mdogo wake ulikuwa bado umesimama pale pale, umenuna, nyusi zimekunjwa, kila kope mahali pake, na ndugu mia mbili walio mbali walikuwa wakiandika kuuliza kama harusi imevunjika.